Kufuga konokono bila kuwaua: mwongozo kamili, kuanzia kwenye chombo hadi bustanini

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu konokono ni hili: "Nimempa majani, nimempa maji, hii wiki ya pili amejifungia ndani ya gamba. Amekufa?"

Mara nyingi hajakufa. Ila yuko njiani, na anayempeleka huko ndiye anayempenda. Chakula si tatizo, maana konokono hula karibu kila kijani anachowekewa. Wanaofia mikononi mwa wafugaji wapya huuawa na mambo mawili: unyevu uliokosewa na kalsiamu iliyosahaulika. Ukiyamudu hayo, mengine yote ni mepesi.

## Kwanza, konokono yupi?

Hapa nazungumzia konokono wa nchi kavu. Wa majini muache huko huko. Kichocho hupitia kwa aina fulani za konokono wa maji baridi: vimelea hutoka ndani ya konokono, huogelea, kisha hupenya ngozi ya mtu aliyeingia kwenye maji hayo. Kwenda kumwokota konokono mtoni kwa mikono mitupu ni kujitafutia ugonjwa. Wa nchi kavu haenezi kichocho, lakini naye ana la kwake, nitalieleza tukifika kwenye kumshika.

Wanaofugwa sana ni wawili. Wa kwanza ni konokono wa bustani wa rangi ya kahawia, Cornu aspersum, ambaye gamba lake hufikia sentimita 3 au 4. Wa pili ni konokono mkubwa wa Kiafrika, Lissachatina fulica, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki. Gamba lake ni refu, lina ncha, na linaweza kufika sentimita 20. Anayeanza namshauri aanze na yule mdogo. Makosa yake yanasameheka, na mayai yake ni machache kuliko ya mkubwa.

Angalia pia sheria ya nchi uliyopo. Marekani hairuhusu kabisa kumfuga huyo mkubwa, kwa kuwa akitoroka hushambulia mashamba. Uingereza anafugwa kama mnyama yeyote wa nyumbani.

## Vifaa

Viandae vyote kabla konokono hajafika. Konokono anayesubiri kwenye mfuko huku wewe unatafuta udongo amekwishaanza vibaya.

- Chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, chenye mfuniko unaobana. Lita 10 zinawatosha konokono wawili au watatu wa bustani. Kwa mkubwa wa Kiafrika tafuta cha lita 30 au zaidi.
- Udongo usio na mbolea wala dawa, au vumbi la makumbi ya nazi.
- Chupa ya kunyunyizia maji.
- Kalsiamu: mfupa mweupe wa dome, yule ndugu yake ngisi, au maganda ya mayai.
- Kigae cha chungu au gome la mti, awe na pa kujificha.
- Kisahani cha chakula, kifupi.
- Kipimajoto, ukikipata.

Bakuli la maji sijaliandika, na si kwamba nimelisahau. Konokono wa nchi kavu huzama. Ukilazimika kuliweka, maji yasifunike hata gamba la mdogo wao.

## Hatua ya 1: Toboa chombo, kisha kitafutie mahali

Toboa matundu madogo kwenye mfuniko na juu kabisa ya kuta mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Matundu ya mfuniko peke yake hayasukumi hewa, na hewa iliyosimama huzaa ukungu. Yawe madogo kuliko konokono wako mdogo kabisa, kisha yalainishe kwa ndani. Ncha ya plastiki humchana mnyama asiye na ngozi ngumu.

Mfuniko ubane kweli. Konokono ana nguvu kuliko anavyoonekana, na usiku mzima ni wake.

Kiweke chombo kivulini, mbali na jiko. Konokono wa bustani anastarehe kwenye nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi. Mkubwa wa Kiafrika hupenda joto zaidi kidogo, 22 hadi 28.

Onyo: usikiweke dirishani. Chombo changu cha kwanza nilikiweka hapo "wapate hewa". Jua la saa sita likageuza plastiki kuwa tanuri, na jioni harufu ndiyo iliyonipokea mlangoni. Wote watatu. Kosa hilo sijalirudia, ila naliona likirudiwa na wengine kila mara.

## Hatua ya 2: Tandika udongo

Kwa konokono wa bustani kina cha sentimita 5 hadi 7 kinatosha. Mkubwa mpe 10 au zaidi, kwa sababu hujizika mzima mzima anapopumzika na anapotaga.

Loanisha udongo, uchote gao moja, uukamue. Ukishikamana na kutoa tone moja au mawili, uko sawa. Ukibomoka, ongeza maji. Maji yakichuruzika vidoleni umezidisha, changanya na udongo mkavu.

Mchanga mtupu usitumie, unamkwaruza. Udongo wa chini ya misonobari pia uache, una asidi, na asidi hula gamba. Udongo wa shambani usioujua historia yake unaweza kuwa na dawa ya wadudu. Mimi siuamini hata kwa kuuchemsha, kwa sababu kuchemsha huua wadudu, hakuondoi dawa.

## Hatua ya 3: Chagua konokono mzima

Mtafute jioni au baada ya mvua, wanapokuwa wanatembea. Anayefaa ana dalili hizi: pembe zake nne zinanyooka na kurudi haraka ukizikaribia, mwili wake umejaa na kulowa, na mdomo wa gamba lake haujavunjika.

Usimchukue aliyeko karibu na shamba lililopigwa dawa. Na chukua wawili, siyo kumi.

Wageni waweke peke yao wiki mbili kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Unachokitafuta ni utitiri: vidudu vyeupe, vidogo mno, vinavyokimbia juu ya shingo na kuingia kwenye tundu la kupumulia, lililo upande wa kulia chini ya ukingo wa gamba. Ukiviona, muoshe mgonjwa kwa maji ya vuguvugu kila siku na ubadilishe udongo wote kila baada ya siku chache mpaka viishe.

## Hatua ya 4: Unyevu, siyo maji

Hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Konokono ni ute mtupu. Kila anapotembea anapoteza maji, kwa hiyo hewa inayomzunguka lazima iwe na unyevu. Lakini unyevu ni kitu kimoja na tope ni kitu kingine. Kwenye tope udongo huoza, mayai ya nzi huanguliwa, na konokono hupanda hadi kwenye mfuniko na kuganda hapo. Mwenye chombo hudhani ana kiu, anamwaga maji mengine.

Fanya hivi:

1. Nyunyiza mara moja kwa siku, jioni, muda mfupi kabla hawajaamka.
2. Lenga kuta na upande mmoja tu wa udongo. Upande wa pili uache ukauke kiasi, naye atachagua pa kukaa.
3. Maji ya bomba yaache wazi kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, klorini itoke. Maji ya mvua ni bora.
4. Asubuhi tazama kuta. Ukungu mwembamba wa mvuke ni sawa. Matone yanayotiririka maana yake ulizidisha. Kuta kavu kabisa, uliminya kidogo mno.

Umefaulu ukiona: giza likiingia wanatoka bila kuamshwa, wanaacha ute unaong'aa, na asubuhi wamelala kwenye udongo au chini ya kigae. Wote wakilala juu ya mfuniko siku tatu mfululizo, chini kuna kitu wanachokikimbia. Nusa udongo.

## Hatua ya 5: Kalsiamu, kila siku, bila likizo

Gamba la konokono karibu lote ni kalsiamu kaboneti, na analijenga mwenyewe kutoka ukingoni, utepe kwa utepe. Akikosa malighafi hiyo gamba huwa jembamba, hupauka, hubanduka. Akizidiwa huanza kukwangua gamba la mwenzake. Ukiona alama nyeupe za kukwanguliwa mgongoni mwa konokono, usiwatenganishe ukadhani wamegombana. Mwenzake ana njaa ya kalsiamu.

Mfupa wa dome ndio rahisi: uweke ndani na uuache humo humo. Maganda ya mayai yachemshe, yakaushe, uyasage mpaka yawe unga laini, kisha unyunyize kwenye kisahani na kidogo kwenye chakula. Vipande vikubwa haviliwi.

Onyo kubwa: chokaa ya kupaka ukutani au ya kujengea siyo kalsiamu ya kula. Inaunguza. Nimewahi kuona mtu ameinyunyizia kwenye udongo kwa nia njema kabisa.

Umefaulu ukiona: ukingo wa gamba una utepe mpya, mwororo, wa rangi nyepesi kuliko sehemu nyingine. Huo ndio ukuaji. Usiuguse.

## Hatua ya 6: Chakula

Mpe letisi, tango, karoti, boga, viazi vitamu, majani ya viazi vitamu, uyoga. Osha kila kitu kana kwamba utakila wewe. Mchicha usiufanye chakula cha kila siku, kwa kuwa asidi iliyomo hushika kalsiamu na kumnyima konokono.

Marufuku: chumvi na chochote kilichotiwa chumvi, vitunguu, malimau na jamii yake, vyakula vya kupikwa vya wanga kama tambi na wali, ambavyo huvimba tumboni. Mara moja kwa wiki mkubwa wa Kiafrika anahitaji protini kidogo: chakula cha samaki wa mapambo, au yai lililochemshwa bila chumvi.

Weka chakula jioni, ondoa mabaki asubuhi.

Usiku mmoja jipe raha. Zima taa, bandika kipande cha tango kwenye ukuta wa plastiki, na usogeze uso upande wa nje. Utaona mdomo ukifunguka kama mshono unaoachia, na ndani yake kitu chekundu-chekundu kinatoka, kinalamba, kinarudi. Huo ni ulimi wenye maelfu ya meno yasiyoonekana kwa macho. Kwa konokono mkubwa utausikia: krr, krr, kama mtu anayepiga msasa chumba cha pili. Na kesho yake utajua alichokula kwa kuangalia mavi. Aliyekula karoti hutoa mavi ya rangi ya karoti kabisa. Wageni wangu hawafurahii ninapowaonyesha, lakini kwa mfugaji ni taarifa ya afya: mavi yaliyoshikamana, ya rangi ya chakula, ni tumbo zima.

## Hatua ya 7: Kumshika

Hili lifanye kwa uchache. Osha mikono, suuza sabuni yote, iache ikiwa imelowa. Akiwa ameng'ang'ania ukuta usimvute kwa gamba. Msuli unaomshikilia ndani ya gamba ukikatika, au utando unaojenga gamba ukibanduka, hakuna dawa. Badala yake tia maji kidogo mbele yake, ingiza kidole kilicholowa chini ya kichwa, na msubiri apande mwenyewe.

Mshike ukiwa umekaa, mkono ukiwa karibu na meza. Akidondoka gamba hupasuka. Ufa mdogo hujiziba kwa wiki chache kalsiamu ikiwepo. Lililovunjika hadi nyama kuonekana, mara nyingi ndio mwisho.

Sasa lile la kwake nililoahidi. Konokono wa nchi kavu anaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, ambayo ikiingia tumboni mwa mtu huweza kufika kwenye utando wa ubongo. Mtu huipata kwa kumeza konokono mbichi au mboga mbichi yenye vikonokono vidogo. Kwa hiyo: mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika, watoto wasimamiwe, hakuna kumbusu, na letisi ya bustanini ioshwe jani kwa jani.

## Hatua ya 8: Usafi, na mayai yatakayokushangaza

Kila siku ondoa mabaki. Kila wiki futa kuta kwa kitambaa na maji matupu, bila sabuni. Kila baada ya wiki nne hivi badilisha udongo.

Unapobadilisha, chimbua polepole. Konokono hawa wana uume na uke katika mwili mmoja, kwa hiyo konokono wawili wowote wanaweza kupandana. Isitoshe, mmoja anaweza kutunza mbegu kwa miezi mingi, hivyo hata uliyemwokota akiwa peke yake anaweza kutaga. Wa bustani hutaga mayai 80 hivi kwa mkupuo. Mkubwa wa Kiafrika hupita 100 bila shida. Yanafanana na lulu ndogo zilizorundikwa chini ya udongo.

Yagandishe kwenye friza kwa saa 48 siku ile ile unayoyaona, kabla hayajaanza kukua. Kisha yaponde, uwarudishie kama kalsiamu. Najua inasikika vibaya. Kuwa na watoto 200 wasio na nafasi ni vibaya zaidi, na suluhisho ambalo wengi hulikimbilia ndilo baya kuliko yote: kuwamwaga nje.

Usimwachilie nje konokono uliyemfuga, hata mmoja, wala udongo wake usiogandishwa. Hawaii mwaka 1955 waliletewa konokono mla-nyama, Euglandina rosea, ili awapunguze wale wakubwa wa Kiafrika waliokuwa wametapakaa. Aliwageukia konokono wa visiwani, na aina nyingi zao zikatoweka.

## Hatua ya 9: Amejifungia. Amekufa au amelala?

Hewa ikikauka, konokono huingia ndani na kuziba mlango kwa utando mwembamba kama karatasi. Huo ni usingizi wa kungoja mvua. Usiutoboe kuchungulia.

Rekebisha unyevu kwanza. Kisha mweke kwenye udongo uliolowa, mlango ukitazama chini, umnyunyizie maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, umwache. Wengine huamka ndani ya saa moja, wengine kesho yake.

Aliyekufa hujitangaza. Ananuka uozo, wala hutahitaji kuinamisha pua. Au mwili umelegea nje ya gamba na haujikunji ukiguswa. Kama hana dalili hizo, bado ni hai mpaka ithibitike vingine.

## Kwa wale wa bustanini

Ukishamtazama mmoja kwa karibu nyumbani, wa bustanini hutawaona tena kuwa ni adui mtupu. Wanakula majani yaliyooza, kuvu na mwani, na wao wenyewe ni chakula cha ndege, vyura na viluwiluwi vya vimulimuli. Lakini miche ni miche, na sitakuambia uwaachie.

Kwanza, kagua usiku. Chukua tochi saa mbili baada ya giza. Wahesabu, na utazame wanakula nini hasa. Mara nyingi utakuta lawama ya konokono ni ya panzi.

Ukiwa hapo, tazama mzunguko wa gamba: ncha juu, mlango ukikutazama. Karibu kila konokono wa bustani mlango wake uko kulia. Mwaka 2016 London alipatikana mmoja wa kushoto, akapewa jina la Jeremy, na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nottingham wakatangaza hadharani kumtafutia mwenza, maana wa kushoto na wa kulia viungo vyao havikutani vizuri. Mwenza akapatikana. Watoto wakatoka, wote wa kulia.

Pili, acha vizuizi vya maganda ya mayai. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, kilijaribu maganda ya mayai, utepe wa shaba, kokoto kali, magome ya msonobari na vidonge vya sufu kwenye letisi, na matokeo ya 2018 hayakuonyesha tofauti: zililiwa vile vile. Chumvi nayo inaharibu udongo. Vidonge vya metaldehaidi, sumu ya konokono, huua mbwa na ndege pia, na Uingereza ilivipiga marufuku nje mwaka 2022.

Tatu, fanya vinavyofaa. Mwagilia asubuhi ili jioni udongo wa juu uwe mkavu. Kuza miche kwenye kopo mpaka shina likomae. Funika miche michanga kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko kimeondolewa. Weka kigae kilicholowa kwenye kona, na kila asubuhi wakusanye hapo.

Nne, ukiwahamisha, wahamishe mbali. Kuwarusha nyuma ya ua hakusaidii. Konokono ana kumbukumbu ya nyumbani. Jaribio la mwaka 2010 la Ruth Brooks, mstaafu wa Uingereza, lilionyesha kuwa wanarudi kutoka umbali wa mita 10 na zaidi, na ushauri uliotoka hapo ni kuwapeleka zaidi ya mita 100.

Kama huamini, mpake mmoja nukta ya rangi ya kucha juu ya gamba lililokauka, mbali na ukingo. Wangu nilimpaka nyekundu, nikamweka upande wa pili wa uwanja, hatua kumi na mbili. Asubuhi ya nne nikainua kigae: alikuwa pale pale pa zamani, nukta imebanduka nusu.